Gavana asiyependwa huanguka lini? Tunayojifunza kwenye chaguzi za katikati ya muhula Marekani

#1 · Msoma Ramani (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila uchaguzi wa katikati ya muhula unapokaribia Marekani, swali hili hurudi jukwaani: kura za maoni zinaonyesha gavana fulani watu wamemchoka, je, atarudi? Wengi hujibu haraka kwamba huyo keshaanguka. Mimi nimepitia matokeo ya chaguzi nne, za 2010, 2014, 2018 na 2022, gavana mmoja baada ya mwingine, na nilichokiona ni tofauti. Magavana wengi wasiopendwa hurudi ofisini. Na wale wachache wanaoanguka, wengi huangushwa na hasira ya watu kwa rais aliyeko Washington kuliko matendo yao wenyewe. Hilo linanisumbua, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwaweke sawa wenzangu wa Tanzania. Gavana wa Marekani usimfananishe na mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa huteuliwa na rais na anaweza kutenguliwa kesho asubuhi. Gavana huchaguliwa na wananchi wa jimbo, hupeleka bajeti, husaini au kukataa miswada ya bunge la jimbo, na maamuzi yake ndiyo yanayogusa shule za umma, barabara, magereza, na nani aingie kwenye Medicaid, ile bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Rais hawezi kumfukuza. Majimbo 36 huchagua magavana katikati ya muhula wa rais, mwezi Novemba, siku ile ile wanapochagua Baraza zima la Wawakilishi na takriban theluthi moja ya Seneti. Kwa hiyo mpiga kura anaingia kituoni rais akiwa kichwani mwake, ingawa jina la rais halimo kwenye karatasi.

Sasa hesabu. Katika chaguzi hizo nne, magavana waliokuwa madarakani wakashindwa mwezi Novemba ni wanane tu. Mwaka 2010 walikuwa Ted Strickland wa Ohio na Chet Culver wa Iowa. Mwaka 2014 Pat Quinn wa Illinois, Tom Corbett wa Pennsylvania na Sean Parnell wa Alaska. Mwaka 2018 Scott Walker wa Wisconsin na Bruce Rauner wa Illinois. Mwaka 2022 alianguka Steve Sisolak wa Nevada peke yake, nchi nzima.

Angalieni vyama vyao. Strickland, Culver na Quinn ni Wademokrati walioanguka Obama akiwa Ikulu. Walker na Rauner ni Warepublikan walioanguka wakati wa Trump. Sisolak ni Mdemokrati aliyeanguka wakati wa Biden. Sita kati ya wanane walikuwa wa chama cha rais. Upepo unaovuma kutoka Washington ndio uliowasukuma ukingoni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Scott Walker, kwa sababu ni mtu mmoja katika hali mbili. Aliingia ofisini Januari 2011, akapitisha sheria iliyovunja nguvu za vyama vya wafanyakazi wa umma, na waandamanaji wakajaa ndani ya jengo la bunge mjini Madison kwa wiki kadhaa. Wapinzani wakakusanya saini, ukaitishwa uchaguzi wa kumwondoa mwaka 2012. Akashinda. Mwaka 2014 akashinda tena. Obama alikuwa Ikulu wakati wote huo. Ilipofika 2018, Trump akiwa rais, Walker akashindwa na Tony Evers, msimamizi wa elimu wa jimbo, kwa kura zipatazo 29,000 kati ya zaidi ya milioni 2.6. Hakuweza hata kuomba kura zihesabiwe upya, maana sheria aliyoisaini mwenyewe ilimruhusu aliyeshindwa kuomba hivyo pale tu tofauti isipozidi asilimia 1, na yake ilizidi kidogo. Mimi siamini kwamba Walker wa 2018 alichukiza watu kuliko Walker wa 2011. Kilichobadilika ni rais.

Mweke kando yake Sam Brownback wa Kansas. Mwaka 2010 alichaguliwa kwa asilimia 63. Mwaka 2012 alisaini punguzo kubwa la kodi ya mapato na kuahidi kwamba uchumi wa jimbo utachangamka. Mapato ya serikali yakaporomoka, fedha za shule zikabana, Mahakama Kuu ya Kansas ikasema jimbo halizigharamii shule inavyotakiwa. Mwaka 2014 zaidi ya Warepublikan mia moja, wakiwemo wabunge wa zamani na waliokuwa madarakani, walitangaza hadharani kumuunga mkono mpinzani wake Mdemokrati, Paul Davis. Na bado Brownback alishinda, asilimia 49.8 kwa 46.1, kwa sababu mwaka ule Warepublikan wa Kansas walitaka kumwonyesha Obama hasira yao. Ilibidi bunge la jimbo, lenye Warepublikan wengi, lingoje mpaka Juni 2017 ndipo lipindue kura yake ya turufu, yaani ukataaji wake wa muswada, na kurudisha kodi.

Hapo ndipo panaponiuma. Kati ya Novemba 2014 na Juni 2017 kuna watoto waliosoma katika shule zisizo na fedha za kutosha kwa sababu mzazi alipiga kura ya kumkomoa mtu aliyeko Washington, ambaye hahusiki kabisa na bajeti ya shule ya Wichita. Nawasilisha. Karibuni tujadili.

#2 · Dada wa Chumbageni

Asante mkuu, uzi una nyama. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini chama cha rais ndicho kipigwe kila mara? Wamarekani walewale waliomchagua miaka miwili kabla wamekwenda wapi? Pili, umetaja wanane, ukaeleza sita. Corbett na Parnell walikuwa Warepublikan wakati wa Obama, yaani upepo ulikuwa nyuma yao. Mbona wao walianguka? Usiwapite.

#3 · Msoma Ramani

Dada, siwapiti. Nitaanza na la kwanza.

Tangu Vita Kuu ya Pili, chama cha rais kimepoteza viti katika Baraza la Wawakilishi kwenye kila uchaguzi wa katikati ya muhula isipokuwa 1998 na 2002. Ukubwa wa hasara ndio unaotofautiana: 2010 Wademokrati walipoteza 63, 2014 wakapoteza 13, 2018 Warepublikan wakapoteza 40, 2022 Wademokrati wakapoteza 9. Watu waliomchagua rais hawajahama. Wengi wao wanabaki nyumbani. Mwaka 2014 waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 36 tu ya wenye haki ya kupiga kura, kiwango cha chini kabisa tangu 1942. Aliyeshinda hana haraka, aliyeshindwa ana kinyongo, na mwenye kinyongo ndiye anayeamka alfajiri kwenda kupanga foleni. Mwaka 2018 hasira dhidi ya Trump na ari ya kumtetea vilikutana, wakajitokeza karibu nusu ya wapiga kura, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana katikati ya muhula tangu 1914.

Sasa Corbett. Pennsylvania ilikuwa na desturi ya ajabu: tangu katiba ilipowaruhusu magavana kugombea mihula miwili mfululizo, hakuna aliyeomba wa pili akanyimwa. Corbett alikuwa wa kwanza. Usiku ule ule ambao chama chake kilinyakua Seneti kwa ushindi mkubwa, yeye alishindwa na Tom Wolf kwa karibu asilimia 10. Chanzo kikuu ni elimu. Bajeti yake ya kwanza iliziacha shule za umma na pungufu la karibu dola bilioni 1. Yeye alitetea kwamba zile zilikuwa fedha za dharura za serikali kuu zilizokwisha muda wake, na kihesabu alikuwa na hoja. Lakini mzazi wa Philadelphia aliona muuguzi wa shule ameondolewa na darasa limefurika, na maelezo ya fedha za dharura hayakumrudishia muuguzi. Hapo kutopendwa kulikuwa na anuani, na anuani yenyewe ilikuwa ofisi ya gavana, wala si Ikulu ya Washington.

Parnell ni hadithi nyingine. Wapinzani wake Alaska waliungana. Bill Walker, Mrepublikan aliyegeuka mgombea huru, na Byron Mallott wa Democratic waliona kila mmoja akienda peke yake Parnell atapita katikati yao. Septemba 2014 wakaunganisha tiketi, Mallott akakubali kuwa mgombea mwenza, wakashinda kwa tofauti ya asilimia 2 hivi. Linganisha na Maine, ambako Paul LePage alichaguliwa mwaka 2010 kwa asilimia kama 38 tu kwa sababu wapinzani waligawana kura, na 2014 akapita tena palipokuwa na mgombea wa tatu. LePage aliukataa mara kwa mara upanuzi wa Medicaid mpaka wananchi wakaupitisha wenyewe kwa kura ya maoni mwaka 2017.

#4 · Mwana wa Uvira

Ndugu zangu, niko Lexington, Kentucky. Huku Waswahili tuko wengi, hasa sisi tuliotoka Kongo, kwa hiyo nawasoma kwa furaha.

Kentucky haimo kwenye hesabu ya mleta uzi kwa sababu sisi tunachagua gavana mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa rais. Lakini ukitaka kuona gavana aliyeanguka kwa mikono yake mwenyewe, njoo kwetu. Matt Bevin, Mrepublikan, katika jimbo ambalo Trump alishinda 2016 kwa asilimia kama 30. Mwishoni mwa Machi 2018 bunge lilichukua muswada uliokuwa wa maji taka, wakaondoa yaliyomo, wakaweka humo mabadiliko ya pensheni za walimu, na kuupitisha ndani ya saa chache. Kesho yake walimu wengi hawakwenda kazini, shule zikafungwa Louisville na hapa Lexington. Wiki mbili baadaye, walimu walipokwenda Frankfort, makao makuu ya jimbo, kuandamana, gavana alisema anahakikisha kuna mtoto mahali fulani aliyedhulumiwa kingono siku ile kwa sababu aliachwa nyumbani. Aliomba radhi baadaye, lakini maneno hayakusahaulika. Huku mwalimu ni mtu wa kanisani kwenu, ni mke wa jirani, ni yule anayemfundisha mtoto wangu Kiingereza kwa subira.

Novemba 2019, usiku wa kuamkia uchaguzi, Trump mwenyewe alikuja hapa Lexington kumwombea kura. Kesho yake Bevin alishindwa na Andy Beshear kwa kura 5,136. Na siku ile ile, nafasi nyingine zote tano za jimbo zima zilichukuliwa na Warepublikan. Yaani watu walipiga kura kwa chama chao kutoka juu hadi chini, ila wakaruka jina moja. Beshear alikuwa amemchagua mwalimu, Jacqueline Coleman, kuwa mgombea mwenza. Alijua anachofanya.

Kwa hiyo mimi naongeza: upepo wa Washington una nguvu, lakini mtu anayelipwa mshahara na gavana, au aliyetukanwa na gavana, hausikii upepo huo.

#5 · Kijana wa Kapsabet

Wadau, hamjambo. Kwetu Kenya kaunti 47 huchagua magavana siku moja na rais, Jumanne ya pili ya Agosti kila miaka mitano, kwa hivyo hatuna nafasi ya kumtumia rais ujumbe kupitia gavana katikati ya safari. Pengine ndiyo maana huwa napata shida kuelewa tabia hii ya Wamarekani.

Lakini nampinga mleta uzi kwa mambo mawili. Moja, pesa hamzitaji kabisa. Rauner wa Illinois aliyeanguka 2018 alikuwa tajiri, na aliyemwangusha, J.B. Pritzker, ni bilionea aliyetumia zaidi ya dola milioni 170 za mfukoni mwake. Ule ni upepo au ni pochi? Mbili, mwaka 2022 nadharia yenu ilishindwa. Biden hakuwa anapendwa, bei za vitu zilikuwa juu, na kama upepo ndio kila kitu, Wademokrati wangefagiliwa. Ni Sisolak tu aliyeanguka. Evers alipona Wisconsin, Laura Kelly alipona Kansas, na Wademokrati wakachukua Arizona, Maryland na Massachusetts juu yake. Tueleze hilo.

#6 · Msoma Ramani

Hoja nzuri ndugu, na nashukuru umeileta kwa ushahidi.

Pesa za Pritzker zilikuwa nyingi, kweli. Ila Rauner alikuwa ameshavunjika kabla ya dola ya kwanza. Illinois ilikaa zaidi ya miaka miwili, 2015 hadi Julai 2017, bila bajeti kamili, kwa sababu gavana na bunge la Wademokrati walikataa kupeana nafasi. Vyuo vikuu vya umma viliachisha watu kazi, mashirika ya huduma za jamii yakasubiri malipo, madeni yasiyolipwa ya jimbo yakafika dola bilioni 15 na zaidi. Mwishowe bunge lilipindua turufu yake, na baadhi ya Warepublikan wenzake wakashiriki. Machi 2018, ndani ya chama chake mwenyewe, Jeanne Ives, mbunge wa jimbo asiye na fedha nyingi, alimkaribia kwa asilimia 3 hivi kwenye mchujo. Mtu wa namna hiyo, katika jimbo la Wademokrati, wakati wa Trump, alikuwa ameshapoteza kila kitu. Alishindwa kwa zaidi ya asilimia 15. Nadhani hata mpinzani asiye na utajiri ule angemshinda, pengine kwa tofauti ndogo zaidi.

Sasa 2022, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote.

Juni mwaka ule Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba na kulirudisha suala lile mikononi mwa majimbo. Ghafla gavana akawa ndiye mwenye kalamu. Wisconsin ilikuwa na sheria ya mwaka 1849 iliyosimama tena, na Evers aliahidi kupambana nayo. Michigan, Gretchen Whitmer alishinda kwa karibu asilimia 11 siku ambayo wapiga kura walikuwa wakiamua suala hilo hilo kwenye katiba ya jimbo. Kansas ilikuwa imetangulia mwezi Agosti, ambapo asilimia 59 walikataa kuondoa haki hiyo kwenye katiba yao, Kansas hiyo hiyo ya Warepublikan. Kelly akashinda Novemba kwa asilimia 2 hivi, huku seneta Mrepublikan Jerry Moran akishinda jimbo lile lile, siku ile ile, kwa zaidi ya asilimia 20. Wapiga kura wengi walichagua watu wa vyama viwili kwenye karatasi moja. Na Kelly hakuwa ameacha kuwakumbusha shule za wakati wa Brownback.

Tazameni linalofanana hapo. Upepo wa Washington hupungua nguvu pale jambo linalowagusa watu nyumbani linapokuwa mikononi mwa gavana, na wao wakalijua hilo. Pale wasipoliona, wanampima kwa rangi ya chama.

Na Sisolak? Nevada huishi kwa wageni. Machi 2020 alifunga kasino za Las Vegas kwa ajili ya korona, na Aprili ukosefu wa ajira wa jimbo ukapanda hadi karibu asilimia 30, zaidi ya jimbo lolote. Mimi nadhani kufunga kulikuwa sahihi, watu waliokuwa wakifa ni wale wale wahudumu wa mahoteli. Lakini mhudumu aliyekaa miezi bila mshahara, akapiga simu ofisi ya mafao ya wasio na kazi bila kupokewa, alijua nani alisaini amri. Joe Lombardo, sherifu wa kaunti ya Clark yenye Las Vegas, alimshinda kwa asilimia 1.5. Siku ile ile seneta Mdemokrati Catherine Cortez Masto alibaki na kiti chake Nevada kwa kura zisizofika 8,000. Chama kilekile, upepo uleule. Mmoja alibeba amri ya kufunga kasino, mwingine hakuibeba.

#7 · Mwalimu Mstaafu

Vijana, naona mnaongea Novemba tu. Katika majimbo yaliyojaa chama kimoja, gavana asiyependwa huuawa kisiasa mapema, kwenye kura za mchujo, na watu wa nje hawaoni damu. Jim Gibbons wa Nevada aliondolewa na Brian Sandoval mwaka 2010. Neil Abercrombie wa Hawaii alipigwa 2014 na David Ige, seneta wa jimbo ambaye wengi hawakumjua, kwa zaidi ya mara mbili ya kura. Jeff Colyer wa Kansas, aliyerithi kiti Brownback alipoondoka Januari 2018, alikosa tiketi kwa kura 343. Trump alikuwa amemuunga mkono mpinzani wake, Kris Kobach, siku moja kabla.

Ige huyo nawaomba mumtazame vizuri. Tarehe 13 Januari 2018 simu za Hawaii nzima zilitoa onyo kwamba kombora linakuja na kwamba hayo si mazoezi. Lilikuwa kosa la mfanyakazi wa idara ya dharura. Zilipita dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kufika kwenye simu hizo. Watu walikuwa wameshawaingiza watoto kwenye mashimo ya maji ya mvua. Gavana alijua mapema kwamba ni uongo, lakini alichelewa kutangaza kwenye Twitter kwa sababu hakuwa na neno lake la siri. Kura za maoni zikamweka nyuma sana ya Colleen Hanabusa. Kila mtu alimzika.

Aprili mvua kubwa ikapiga Kauai, mwezi Mei volkano ya Kilauea ikafumuka na kumeza nyumba zaidi ya 700. Ige akawa huko, akasikiliza, akatia saini misaada, akaonekana kila siku mtu mtulivu kazini. Agosti alimshinda Hanabusa kwa asilimia 7 hivi. Mimi nimefundisha uraia miaka mingi na jambo hili nililikazia sana darasani: watu husamehe kosa la kiongozi wakimwona kwa macho yao akifanya kazi. Hawasamehi wakihisi amewadharau, kama alivyosema mwenzetu wa Lexington.

#8 · Dada wa Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Umenifungua macho hapo kwenye mchujo.

Lakini kuna kundi bado hamjaligusa. Wale wanaoona hali mbaya wakaamua kutogombea kabisa. Dan Malloy wa Connecticut alipona 2014 kwa tundu la sindano, na ilipofika 2018 hakugombea, jimbo likiwa limemchoka. Wote tulidhani chama chake kitapoteza kiti. Ned Lamont akashinda, ingawa kwa asilimia 3 tu. Kinyume chake New Jersey 2017: Chris Christie hakuruhusiwa kugombea tena, naibu wake Kim Guadagno akabeba mzigo, picha za Christie amekaa ufukweni siku serikali imefunga fukwe za umma zikamfuata kila alikokwenda, na Phil Murphy akashinda kwa urahisi. Upepo ule ule wa Trump ulimwokoa Lamont na kumzamisha Guadagno. Kwa hiyo mkuu, nadharia yako inafanya kazi hata kwa asiye kwenye karatasi.

Swali la mwisho, na najua wengi wanalingoja: 2026 je?

#9 · Msoma Ramani

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu dharau, Bevin na Ige ni pande mbili za jambo hilo.

Dada, kwa 2026 nitasema ninachokiona bila kutabiri namba.

Upepo unavuma dhidi ya Warepublikan, kama desturi inavyotaka Trump akiwa Ikulu. Dalili ilikuja Novemba 2025: Abigail Spanberger Virginia na Mikie Sherrill New Jersey, wote Wademokrati, walishinda kwa zaidi ya asilimia 10. Kim Reynolds wa Iowa, ambaye kura za maoni zilikuwa zikimtaja miongoni mwa magavana wasiopendwa zaidi nchini, alitangaza Aprili 2025 kwamba hagombei, ingawa Iowa haina ukomo wa mihula. Hili ni kundi lako, Dada. Wademokrati pale wana Rob Sand, mkaguzi wa hesabu wa jimbo, Mdemokrati pekee anayeshikilia nafasi ya jimbo zima Iowa. Kama hasira za Reynolds zitamwangukia mrithi wake, jimbo ambalo Trump amelishinda mara tatu linaweza kugeuka.

Rhode Island ni la kusoma kwa kanuni ya Mwalimu. Dan McKee ni Mdemokrati katika jimbo la Wademokrati, upepo uko nyuma yake, na bado yuko kwenye hatari kubwa. Desemba 2023 upande mmoja wa daraja liitwalo Washington mjini Providence, njia kuu ya kuingia mjini kutoka mashariki, ulifungwa ghafla kwa sababu za usalama, na baadaye ikaamuliwa ubomolewe wote. Kila asubuhi watu wanakaa kwenye foleni ya magari wakiwaza jina moja. Hakuna rais wa kulaumiwa hapo. Mpinzani wake wa mchujo ni Helena Foulkes, ambaye mwaka 2022 alimkosa kwa asilimia 3 tu, na safari hii anagombea na daraja limebomolewa. Hatari ya McKee iko Septemba. Akivuka mchujo, Novemba itakuwa nyepesi kwake.

Na Nevada narudi tena. Lombardo sasa ndiye aliyeketi, na mgeuko wake unafanana na wa Scott Walker: aliingia Biden akiwa rais, anatetea kiti Trump akiwa rais. Yeye binafsi hachukiwi sana, na amepiga turufu miswada mingi ya bunge la Wademokrati kuliko gavana yeyote wa Nevada kabla yake, jambo ambalo watu wake wanalipenda. Lakini wageni wa Las Vegas walipungua mwaka 2025, na mhudumu wa hoteli ambaye saa zake za kazi zimekatwa atatafuta wa kumuuliza. Mwaka 2022 alimuuliza gavana kwa sababu amri ilikuwa ya gavana. Safari hii akiamini wageni wamepungua kwa sababu ya ushuru wa forodha na ukali wa mipakani, mambo yanayoamuliwa Washington, Lombardo atalipa kwa jambo asilolifanya. Akiamini gavana wake alisimama upande wake, anaweza kupita kama alivyopita Kelly kule Kansas. Hapo ndipo nitakapoanza kuangalia matokeo usiku wa tarehe 3 Novemba, kaunti ya Clark kwanza.